Barua ya Mkono wa Kushoto

Jumamosi, 2 Novemba

Leo kijiji kimechinja. Ng'ombe sita, na Baba ndiye aliyegawa nyama, kama kila mwaka tangu mikono ya mzee wetu Dda Ramdane ianze kutetemeka. Alipanga mafungu uwanjani juu ya matawi mabichi, kila nyumba kwa idadi ya vichwa vyake. Daktari mwenye ghorofa tatu alipata fungu la watu wanne, bibi mjane Nna Tchabha akapata lake la mtu mmoja, na ini lilikatwakatwa hadi kila nyumba ikapata kipande cha kumnyamazisha paka. Hakuna aliyeulizwa karatasi. Hakuna aliyesema asante pia, maana nyama ya kijiji haishukuriwi, inachukuliwa tu.

Baba alikunja mikono ya shati akasema neno lake la kila mwaka: "Hapa hakuna tajiri wala maskini. Kuna vichwa." Watu wakacheka, wakaanza kuchukua. Nilijivunia.

Wakati wa chakula cha jioni redio ikataja posho ya vijana wasio na ajira. Baba huyohuyo akaweka kijiko chini. "Mtu ana miguu miwili na mikono miwili, anapanga foleni alipwe kwa kukaa. Afadhali mimi nife." Kisha akanigeukia kwa upole. "Na Yanis? Hesabu zinaendeleaje?"

"Anajitahidi," nikasema.

Hakuna Yanis. Hakuna dada yake Sara pia. Nilisomea kupanga vitabu katika wilaya isiyo na maktaba, nina miaka thelathini na moja, na posho ile naichukua mwezi wa kumi na tisa sasa. Baba anaamini nafundisha watoto wawili mjini. Nimedanganya kwa muda mrefu hadi Yanis amekuwa na tabia: mvivu, lakini ana moyo mzuri.

4 Novemba

Baraza la kijiji limefungua mavuno. Tumeanza na mizeituni ya juu. Shamba letu na la kina Malha limetenganishwa na mstari wa mawe, na mimi na yeye tumeukalia mstari huo tangu darasa la kwanza.

"Mwalimu, sogeza turubai," alinipigia kelele mbele ya wanawake wote. "Zeituni haziangukii kwenye shahada."

Malha anajua kwamba sifundishi. Mimi najua kwamba yeye, pamoja na posho yake, anasokota kuskusi, punje za unga wa ngano, kwa mkono na kuipeleka kwenye duka lililo nyuma ya stendi, Jumatatu moja ndiyo, nyingine hapana. Mama yake ni mgonjwa wa figo na posho haimtoshi. Mifuko ya buluu anayoitia nilishona mimi, kutokana na mapazia ya Mama, Mungu amrehemu. Hakuna mtu mwingine anayejua. Siri yake iko kwangu, yangu iko kwake.

7 Novemba

Upepo wa kaskazini. Vidole vimepasuka. Baba ameniuliza kama Sara amepona mafua.

13 Novemba

Kila miezi sita lazima tuombe upya, na maombi ni ya mtandaoni tu, na mtandao wa kijiji unapatikana kwenye kona ya makaburini tu. Basi vijana wote tulikuwa pale tangu asubuhi, simu zimeinuliwa juu, kila mmoja akijifanya anampigia mjomba wake aliye Ufaransa.

Ukurasa unaomba namba ya siri. Namba inaletwa kwenye simu ukurasa ukiwa umeshakufa. Unaanza tena. Malha alipanda juu ya ukuta wa makaburi. "Waombeni na wao watusaidie," alisema, "wako wengi na hawana kazi." Hocine, aliyemaliza jeshi miaka miwili iliyopita, ameshaomba mara nne, na mara nne wamemwambia alete cheti cha jeshi, nacho kimo ndani ya faili lao. Leo alifika hadi ukurasa wa mwisho, betri ikaisha. Alicheka, kisha akakaa chini akaacha kucheka.

Mimi nilipita mara ya saba. Nilifurahi sana, nikaona haya kwamba nimefurahi.

19 Novemba

Tumechuma. Hakuna la kuandika.

Alhamisi, 28 Novemba

Siku ya posta, ndiko posho inakolipwa. Mimi na Malha hujifunga skafu hadi puani hata kusipokuwa na baridi. Ukiitazama foleni, utadhani sote tumeshikwa na homa moja. Hatusalimiani na watu wa kijijini kwetu, nao hawatusalimii. Ni adabu yetu ya siku hiyo.

Malha alipata. Nikafuata mimi.

"Hakuna kitu," karani akasema.

"Angalia tena, tafadhali."

"Nimeangalia, dada. Hii si sufuria, kwamba ukiifunua tena utakuta imejaa."

Waliokuwa nyuma yangu walisogea kidogo, kama mtu anavyompisha mgonjwa. Malha akataka kunigawia ya kwake pale pale mlangoni. Nikamwambia siombi. Nilisema kwa ukali ambao hakustahili.

Jumapili, 1 Desemba

Nimeshuka ofisi ya ajira. Dirisha la tatu kuna bwana mwembamba mwenye koti la sufu na thermosi ya kahawa.

"Umesimamishwa," alisema. "Una kazi."

"Kazi gani?"

"Unaifanya wewe, unaniuliza mimi?"

"Sina kazi, kaka. Ningekuwa nayo ningekuwa huko."

"Kompyuta inasema una shughuli ya kukulipa. Nenda ofisi ya bima, ni mlango wa pili barabara hii hii, watakueleza." Kisha akapunguza sauti, nadhani alinionea huruma. "Au kuna mtu anayekujua vizuri. Watu huandika, dada." Akavuta droo. Ilikuwa imejaa bahasha. "Tumeambiwa zisizo na jina tusizisome. Lakini mtu ana macho."

Ofisi ya bima ni hatua mia moja kutoka pale. Sikuenda. Naandika hivyo ili nisije nikasema baadaye kwamba ilikuwa mbali.

Sikuenda kwa sababu nilipogeuka nilimwona Malha kwenye dirisha la kwanza. Asubuhi alikuwa ameniambia anakwenda kumchukulia mama yake dawa. Aliponiona alishtuka, uso ukamwiva.

"Nimekuja kuuliza jambo," akasema.

"Jambo gani?"

"Jambo tu, Ouiza. Likiwa, nitakwambia."



3 Desemba

Shambani, mbele ya wanawake: "Mwalimu leo hana wanafunzi? Au wamefaulu wote?" Wakacheka. Neno hilo hilo analolisema kila siku. Leo nilisikia kingine ndani yake.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nani mwingine ajuaye kwamba namwambia Baba nina kazi? Mtu akitaka kuniandika, ataandika hivyo hivyo: Ouiza binti Slimane anafundisha mjini na kulipwa. Ameniangamiza kwa uongo wangu mwenyewe.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimefanya jambo. Nitaliandika lote.

Baba alikuwa mkahawani. Niliketi mezani nikachukua karatasi ya mistari, si hii ya kwangu. Katika kijiji hiki mimi ndiye ninayewaandikia watu barua za ofisini: maombi ya maji, malalamiko ya nguzo za umeme, pensheni ya Nna Tchabha. Mwandiko wangu unajulikana hadi kwa msaidizi wa meya. Kwa hiyo nilitumia mkono wa kushoto.

Niliandika kwamba Malha binti Akli anachukua posho ilhali anauza kuskusi kila baada ya wiki mbili kwenye duka la nyuma ya stendi, katika mifuko ya buluu. Hilo ni kweli. Kisha nikaona halitoshi. Nikaongeza kwamba ana wasichana watatu anaowalipa, na kwamba anajenga. Hajengi. Nyumba yao ina plastiki dirishani. Niliona plastiki hiyo akilini wakati naandika neno "anajenga", na mkono haukusimama.

Nilishuka kwa miguu nikaitia kwenye sanduku la ofisi. Kurudi nilihisi nimepata haki yangu. Ilidumu hadi kwenye kona ya makaburini.

6 Desemba

Mvua.

7 Desemba

Mvua. Malha ameleta asali na majani ya mkaratusi kwa kikohozi cha Baba. Hakuingia ndani, viatu vyake vilikuwa na tope. Nilivipokea mlangoni, na nikamwambia asante kwa sauti ya foleni ya posta.

10 Desemba

Bado mvua. Zeituni zinaanguka zenyewe na kuoza. Baba anakohoa. Ameuliza kuhusu Yanis, nikamwambia wako likizo.

Jumamosi, 14 Desemba

Sina pa kuuweka uso wangu.

Kumekucha jua likiwaka, tukapeleka magunia kinuni kwa Dda Belaid. Ni rafiki ya Baba tangu walipokuwa mafundi ujenzi pamoja. Kinuni kila mtu anangoja zamu yake, anachovya mkate kwenye mafuta mapya yanayotoka yakiwa ya vuguvugu. Baba alikuwa na furaha ya ajabu, anakohoa na kucheka. Zamu yetu ilipokwisha Dda Belaid akatoa bahasha kwenye kabati, akamkabidhi Baba, naye akanikabidhi mimi kwa mikono miwili kama anayetoa mahari.

"Fungua, binti yangu."

Ilikuwa karatasi ya bima. Jina langu. Mwajiri: kinu cha Dda Belaid. Tangu tarehe kumi na nane Novemba. Hiyo ndiyo kazi iliyoonekana kwenye kompyuta.

"Wale wa mjini wanakulipa mkononi tu," Baba alisema. "Ukiugua je? Ukizeeka je? Nimemwomba Belaid akuandikishe kwake. Makato nalipa mimi kutoka kwenye pensheni yangu. Hufanyi chochote, unakusanya miaka tu. Kila baba anayempenda mtoto wake anafanya hivyo."

"Si chochote, ni jina tu kwenye karatasi," Dda Belaid akasema, akimimina mafuta. "Wewe ni binti yetu."

Wanaume waliokuwa wakingoja walitikisa vichwa kwa kusifu. Ni kweli, hapa kila baba mwenye rafiki mwenye duka au kinu hufanya hivyo. Kama ningekuwa nimemwambia Baba kwamba nachukua posho, angejua kwamba posho ile ina bima yake ndani, na asingeenda kwa mtu. Amefanya kwa mapenzi, kwa sababu ya Yanis na Sara. Na mimi nimemtupa Malha kwa sababu ya mapenzi ya Baba.

Nilisema asante. Nikachovya mkate nikaula. Mafuta mazuri, makali kooni kama inavyotakiwa. Nilikula hadi machozi yakatoka, wakasema ndiyo dalili ya mafuta mapya.

15 Desemba

Sikuchuma. Nimesema kichwa kinauma.

Jumanne, 17 Desemba

Nilikwenda kuitoa barua.

Dirisha la tatu, bwana wa koti la sufu. Nilianza mbali. Nikamuuliza: mtu akiwa ameleta barua, kisha akaona alikosea, anaweza kuirudisha?

"Barua yenye jina?"

"Isiyo na jina."

Akanitazama. Akafunga thermosi yake polepole. "Isiyo na jina nitajuaje kwamba ni yake? Lazima aje aseme: ni yangu. Atie sahihi kwamba anaifuta. Lakini hapo si barua isiyo na jina tena, sivyo?"

"Naulizia mtu," nikasema.

"Wote huulizia mtu."

Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu. Hocine alikuwemo, na bahasha yake ya cheti cha jeshi. Ningeweza kusema. Maneno yalikuwa mawili tu: ni yangu. Nikamwambia bwana yule asante kwa maelezo, nikatoka nimeshikilia skafu.

Nilimchukia Malha siku kumi na moja kwa kosa ambalo hakulifanya. Mimi mwenye kosa sijaweza kujichukia kwa ukamilifu hata siku moja. Kila nikianza napata kisingizio.

22 Desemba

Tumechuma upande wa bondeni. Malha anaimba. Sauti yake mbaya sana, na huwa namwambia hivyo. Leo sikumwambia, akanyamaza mwenyewe.

Jumamosi, 28 Desemba

Posta. Mimi sina cha kungojea tena, lakini Malha aliniomba nimsindikize. "Njia ni ndefu peke yangu, Mwalimu."

Karani yule yule. "Hakuna kitu."

Malha hakumwomba aangalie tena. Akafungua skafu yake yote, akaikunja, akaiweka mfukoni. Akatoka na uso wazi kupita foleni nzima, akiwasalimia mmoja mmoja kwa majina. Watu hawakujua watazame wapi. Huko nje akaketi kwenye ngazi.

"Dawa ya Mama ilikuwa ndani ya hiyo," alisema.

Nilikaa karibu naye. Niliweka mkono wangu begani kwake, mkono wa kushoto, nikauondoa.

29 Desemba

Theluji kwenye vilele. Hakuna anayetoka.

Alhamisi, 2 Januari

Malha ameitwa. Alikuja na karatasi ya wito shambani, akaketi kwenye mstari wetu wa mawe, upande wake. Mimi nilikaa upande wangu.

"Unisomee," akasema. Anajua kusoma vizuri kuliko mimi.

Nikasoma. Walikuwa wameyanukuu maneno yote: duka la nyuma ya stendi, kila baada ya wiki mbili, wasichana watatu, anajenga. Na mifuko ya buluu. Nilipofika hapo nikakohoa, nikasema ni baridi.

"Mifuko ya buluu," Malha akarudia. Aliinua zeituni moja kutoka kwenye turubai, akaifuta vumbi. "Unajua siku ile ofisini nilikwenda kuuliza nini? Nilikwenda kuuliza kama naweza kujiandikisha fundi wa kuskusi, niache posho kwa hiari, niuze mchana kweupe. Wakaniambia lete picha ya mahali pa kufanyia kazi. Sikukwambia kwa sababu niliogopa utanicheka. Wewe una shahada."

Nikaikunja karatasi ya wito.

"Sasa wanataka jibu la maandishi. Niandikie wewe. Una mwandiko mzuri." Akasimama, akashika ufito wake. "Hapana haraka. Wamenipa hadi tarehe ishirini."

Akaendelea kugonga matawi. Zeituni zilianguka kwenye turubai letu na lao, kwa kuwa tawi lile halijui mpaka. Hakuniuliza nani. Mtu asiyejua angeuliza nani.

5 Januari

Nimejaribu kumwandikia jibu. Barua nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Nimeichoma.

8 Januari

Nimejaribu tena. Kila nikifika kwenye "mtu asiyejulikana" kalamu inakwama.

Jumamosi, 11 Januari, mkesha wa mwaka mpya wa mababu

Nimechinja jogoo, nimepika kuskusi ya mboga saba. Kabla hatujakaa kula, sahani ilikuwa imefika kutoka kwa kina Malha, imefunikwa kwa kitambaa, kama kila mwaka: kuskusi yake, na paja zima la kuku juu. Katika nyumba ambayo haina dawa. Sikutegemea mwaka huu. Mama yake ndiye aliyeileta, akiegemea ukuta njia nzima, na akasema, "Malha anasema mle ikiwa moto."

Baba alikata kuku kwa mgawo wake, sehemu yangu, sehemu yake, na sehemu ya Mama, ambayo hatuachi kuitoa. Akala kuskusi ya Malha kwanza. "Hii haina mpinzani," akasema. Kisha, "Na Yanis? Umempelekea mkono wa mwaka mpya?"

"Hakuna Yanis, Baba."

"Amehama?"

"Hajawahi kuwepo. Wala Sara."

Nilimwambia yote. Nilianza na posho, kisha foleni na skafu, kisha karatasi ya Dda Belaid ilivyonikatia posho, kisha barua. Nilipofika kwenye mkono wa kushoto aliitazama mikono yangu mezani, yote miwili, kana kwamba ataniambia nimwoneshe ni upi. Chakula kilipoa.

 Nilidhani atapiga meza. Ningependa angepiga meza.

"Miezi kumi na tisa," akasema. "Nani alikufundisha kwamba kupewa ni aibu kiasi hicho?"

Sikutaka kujibu. Lakini ilikuwa jioni ya kusema.

"Wewe, Baba. Ulisema afadhali ufe."

Akanawa mikono. Akaifuta kidole kwa kidole. "Nimegawa nyama katika kijiji hiki miaka kumi na moja," alisema, "mtu yeyote asione haya kuchukua. Na nyumbani kwangu mtoto anajifunika uso." Alisimama akavaa koti. "Kesho namwambia Belaid akufute."

"Usimwambie kwa nini."

"Nitamwambia kwa nini. Nitamwambia mkahawani, wakiwepo wote. Hilo langu. Lako la Malha ni lako, mimi sina neno la kukusaidia." Akaenda kulala bila kumaliza sehemu yake. Nilimsikia akikohoa, au si kukohoa.

Nikatoa karatasi yangu mwenyewe na kuandika kwa mkono wa kulia. Mistari minane. Barua iliyoletwa tarehe tano Desemba ni yangu. Wasichana watatu ni uongo, nyumba ni uongo. Niliandika kwa kisasi juu ya jambo ambalo hakulitenda. Kuskusi anasokota mwenyewe, na mifuko nilishona mimi. Jina langu, jina la Baba, kijiji.

Jumapili, 12 Januari

Sahani ya jirani hairudi tupu. Hilo hata watoto wanalijua: unaweka mayai, unaweka tini kavu, hata kipande cha sukari. Niliosha sahani ya Malha, nikaikausha vizuri, nikaiweka barua ndani. Hakuna kingine. Nikaifunika kwa kile kitambaa chake.

Alifungua mlango yeye. Aliipokea, akahisi wepesi wake. Hakufunua mbele yangu. "Mmekula ikiwa moto?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akafunga mlango taratibu.

13 Januari

Baba amesema mkahawani. Hocine ameniambia. Baadhi walicheka, na Dda Belaid akasema hata binti yake anachukua, ila anapanga foleni katika mji mwingine.

14 Januari

Mvua.

16 Januari

Mvua. Malha hayuko shambani.

18 Januari

Jua kidogo. Nimechuma peke yangu. Malha ameanza kuchuma upande wa pili, mbali. Haimbi.

Jumatatu, 20 Januari

Asubuhi na mapema alikuwa mlangoni kwetu, amevaa koti la kwendea mjini. Alikuwa na barua yangu mkononi, imekunjwa vile vile nilivyoikunja.

"Hii umeipeleka kusiko," akasema.

"Nilidhani wewe ndiye wa kwanza kustahili kuisoma."

"Mimi nilijua tangu mifuko ya buluu. Sihitaji barua ya kuniambia ninachokijua. Ulitaka nikusamehe kwanza ndipo uende. Au nikusamehe usiende kabisa." Akanitia karatasi mkononi. "Vaa viatu."

Tulishuka kwa miguu. Yeye mbele, mimi nyuma, hatua kama ishirini kati yetu. Kwenye kona ya makaburini vijana walikuwa na simu zao juu, na Hocine akatuita, hakuna aliyemjibu. Nilitaka aniambie lolote, hata tusi. Alitembea tu. Mara moja alisimama kutoa jiwe kiatuni, nami nikasimama pia nilipokuwa, sikuthubutu kumfikia.

Ofisini foleni ilikuwa hadi mlangoni. Nilikuwa na skafu shingoni. Nilihisi mikono inataka kuipandisha, nikaishikilia chini. Malha alisimama nyuma yangu. Saa nzima nilimsikia akipumua.

Bwana wa koti la sufu alinitambua. "Umekuja kuulizia mtu tena?"

Nikampa barua. Aliisoma mara moja, kisha mara ya pili. Akavuta droo, akapekuapekua, akatoa ile nyingine, akaziweka mbili hizo pamoja. Mwandiko wa kushoto ulikuwa wa mtoto anayejifunza kuandika.

"Unajua hii ya pili inaweza kukuletea taabu? Uongo juu ya mtu una sheria yake. Na huyu bibi posho hairudi, anauza kweli. Labda hawatamdai ya nyuma. Labda. Kujiandikisha fundi sasa ataweza, nitaliandika kwenye faili." Akachukua kalamu. "Nataka uitamke mbele yangu, ndio utaratibu. Barua hii ya tarehe tano Desemba ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Jina?"

Nikalitaja.

"Sijasikia. Wanaongea hapo nyuma."

Nikalitaja tena, lote, na la Baba, na la kijiji, kwa sauti iliyoinyamazisha foleni. Kuna msichana wa kijiji chetu aliyekuwa amefunika uso pale ukutani. Alinitazama, kisha akatazama chini.

Malha akapita dirishani akatia sahihi yake kwenye faili. Wakati wa kupanda akatangulia tena. Ila hatua kati yetu zilikuwa kama kumi.

Jumapili, 26 Januari

Baraza limefunga mavuno. Tumemaliza mti wa mwisho wa bondeni, mimi na Baba, wao upande wao.

Jioni nimekuta kwenye mstari wa mawe, upande wangu, mifuko mitatu ya buluu mitupu. Imechanika mishono. Nimeingia nayo ndani kutafuta sindano.